Fungu la Namba Saba

Asubuhi ile ya Jumanne, rangi nyekundu ilikuwa imesogea.

Urbanus aliiona kabla hajavua koti. Ijumaa alipozima kompyuta, nyekundu ile ilikuwa vidoa vichache tu vilivyotawanyika kwenye picha ya mlima, kama punje za ulezi zilizomwagika sakafuni. Sasa vidoa vilikuwa vimeungana na kufanya mstari mwembamba unaoshuka upande wa Kilema. Akafuta kioo kwa mkono wa shati. Haukuwa uchafu. Akakaa, akavua viatu chini ya meza kama ilivyokuwa desturi yake, akajiambia kwamba ni macho tu yamechoka. Na macho yalikuwa yamechoka kweli, maana mwaka ule wa tisini na tisa hapakuwa na kiungo hata kimoja mwilini mwa Urbanus ambacho hakijachoka.

"Gladys," akaita bila kugeuka, "umegusa namba saba?"

"Shikamoo kwanza, mzee."

"Marahaba. Umegusa namba saba?"

"Sijagusa. Jana si umeme haukuwepo kutwa? Ningegusa na nini?"

Hilo nalo lilikuwa kweli. Tangu Ijumaa jioni mashine haikuwashwa.

Tueleze kazi yenyewe, maana hata majirani zake kule Njoro hawakuielewa na walimcheka nayo. Urbanus alikuwa mchoraji ramani serikalini kwa miaka ishirini na miwili. Alipaka misitu kijani na mito buluu kwa brashi na wino, huku maji ya kusuuzia yakiwa kwenye chupa ya jemu. Kisha zikaja siku za kupunguza watu kazini, naye akapewa barua, akapewa mkono, akapewa na saa ya ukutani. Alikaa nyumbani miaka mitano akimsaidia mkewe Anyesi kuuza mafuta ya taa. Halafu ukaja mradi wa wageni waliotaka kujua mlima unatumikaje, wapi kuna msitu na wapi kuna migomba, kwa kutumia picha zilizopigwa kutoka angani. Picha hizo zikifika kwenye kompyuta hazina rangi. Ni namba tupu. Kila nukta ina namba yake, na lazima awepo mtu wa kuiambia mashine kwamba namba hii iwe kijani cha kiasi hiki, na ile iwe buluu ya kiasi kile. Gladys, msichana wa Tanga mwenye diploma yake, ndiye aliyezipanga nukta katika makundi. Urbanus aliyapa makundi rangi. Mzee mzima na mvi zake, walisema majirani, anakwenda mjini kuchagua rangi.

Rangi hizo aliziandika kwenye jedwali. Kila mstari ulikuwa na namba, kiasi cha nyekundu, cha kijani na cha buluu, na mwisho jina. Mashine ilikuwa kaidi, haikupokea mstari usio na jina, na wakubwa wa mradi walikuwa bado wanabishana mikutanoni kuhusu majina rasmi. Basi Urbanus, kwa kuchoka kusubiri, akaweka majina ya nyumbani kwake. Theluji akaiita Ndelilio, jina la shangazi yake, kwa ajili ya mvi. Mito akaiita Anyesi kwa sababu haikomi kusema. Msitu ukawa marehemu baba yake, na mashamba ya mahindi ya tambarare yakawa shemeji yake Basili, mtu mpana. Ile miamba ya kijivu iliyo juu ya msitu, ambako hakuoti kitu, aliiita Urbanus, na Gladys akacheka mpaka akafuta machozi. Ukanda wa vihamba, yaani migomba na kahawa kuanzia Machame mpaka Rombo, aliupa kijani kibichi cha jani jipya na kuuita Dominika. Ndiye mtoto aliyebaki nyumbani, wa kidato cha tatu, na ndiye aliyekuwa akimwamsha Urbanus asubuhi akaamka kweli.

Yakawa makundi sita. Lakini kulikuwa na nukta mia nne na kumi na mbili ambazo mashine ilishindwa kuzipeleka popote. Hazikuwa msitu wala maji wala mwamba. Gladys aliziita mabaki, akazipa namba saba.

Hapo ndipo Urbanus alipokosea, na ni kosa ambalo mtu asiyetoka mlimani asingelifanya.

Kwao Kilema mbuzi akichinjwa hagawanywi ovyo. Yupo mgawaji, mmoja kwa ukoo, na baba yake alipofariki ugawaji ulimwangukia Urbanus. Mgawaji huita jina, anatoa fungu, na fungu likishatoka mkononi mwake halirudi. Aliyepewa fungu ni mtu wa boma hilo, hata kama jana hakuwa. Mwisho wa yote kuna kipande kidogo ambacho hakiitiwi jina. Mgawaji hukitupa migombani huku amegeuza uso, kwa ajili ya wale wasioonekana, na hakuna anayesema neno mpaka arudi kukaa. Baba yake hakuwahi kueleza kwa nini hakiitiwi jina. Alisema tu, geuza uso.

Ijumaa ile ilikuwa saa tisa, jua limepiga bati tangu asubuhi, na mashine ilikuwa imekataa mstari wa saba mara nne kwa kukosa jina. Urbanus akachanganya nyekundu nzito, rangi ya kisusio, ile supu ya damu, kinapotokota, akaandika jina: Mgeni. Kisha, kwa mzaha wa mtu aliyechoka, akawaita wote sita kwa sauti ya kugawia nyama, mmoja mmoja na rangi yake, na alipofika mwisho hakugeuza uso. Alikitazama kioo usoni, akasema, "Na wewe, Mgeni, fungu lako hili."

Gladys alipiga makofi. Harufu ya maua ya kahawa ikaingia chumbani, tamu, nzito, mpaka Urbanus akainua kichwa. Ilikuwa Julai. Mlima mzima ulikuwa unachuma kahawa, na hapakuwa na ua hata moja.

Sasa, Jumanne, Gladys alihesabu nukta za namba saba kwa mashine. Zilikuwa elfu tatu na sitini. Akahesabu makundi mengine. Matano yalikuwa vilevile. Dominika alikuwa amepungua, na upungufu wake ulilingana na ongezeko la Mgeni, nukta kwa nukta.

"Mashine imechanganyikiwa," akasema Gladys, lakini hakucheka.

Urbanus alifuta jedwali lote, akalirudisha kutoka kwenye disketi ya wiki iliyotangulia, iliyoandikwa kabla namba saba haijapata jina. Mstari wa saba ulikuwemo, pamoja na jina lake.

Aliporudi nyumbani jioni alimkuta Dominika amelala. Mtoto yule hakuwa wa kulala mchana. Alikuwa mchezaji wa netiboli, mwenye mikono mirefu na sauti ya kuita mtaa mzima. Anyesi alikuwa mlangoni na bakuli la mtori uliopoa.

"Baba Domi, mtoto hali tangu Jumamosi. Nilidhani ni uvivu wa likizo."

Urbanus akaingia. Dominika alikuwa amejikunja kwenye ukingo wa kitanda, mgongo ukigusa ukuta, na sehemu kubwa ya godoro ikiwa tupu. Kitanda kilikuwa cha futi nne.

"Mbona umejibana hivyo, mama?"

"Ananiambia nisogee."

"Nani?"

Msichana alifumba macho, kama mtu anayeona aibu kulitaja jambo la kijinga. "Sijui, baba. Anakaa hapo mwisho. Anasema tu, sogea. Nikisogea ananyamaza."

Urbanus akavishika viganja vyake. Vilikuwa vyeupe kwa ndani kama maganda ya vitunguu saumu. Aliogopa wakati huohuo, na hakujidanganya kwamba haogopi, ila alikuwa amechoka kiasi kwamba hofu yenyewe ilimjia polepole, ikipanda ngazi na kupumzika.

Hospitalini walimpima damu, wakasema iko chini, wakatoa vidonge na kushauri mboga za majani. Wiki ya pili ilikuwa imeshuka zaidi, na daktari, kijana mpole, aliuliza mara tatu kama kuna mahali anapotoka damu. Hapakuwa na mahali. Anyesi akamwita katekista Filemon, aliyesali sala ndefu, akanyunyiza maji ya baraka kitandani na kwenye pembe nne za chumba. Siku ile Dominika alikaa, akanywa uji kikombe kizima, na Anyesi akalia kwa furaha jikoni akijifanya anakata vitunguu. Jioni msichana akamwita baba yake.

"Baba, anashukuru kwa maji. Anasema joto lilikuwa limezidi."

Kila asubuhi Urbanus alikwenda kazini kutazama. Aliona aibu kwamba anaijua hali ya mwanawe vizuri zaidi kwenye kioo kuliko kitandani, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nyekundu ilishuka Kilema, ikavuka Kirua, ikapanda Old Moshi, kihamba baada ya kihamba. Haikugusa msitu, haikugusa mto. Ilikula kijani kibichi peke yake. Alijaribu kulifuta jina, likarudi. Alijaribu kuibadili rangi iwe nyeupe, na nyeupe ile ikaiva polepole mbele ya macho yake kama bandeji juu ya kidonda. Alizima mashine siku mbili. Alipoiwasha, nyekundu ilikuwa imekula zaidi kuliko ilivyokuwa ikila mashine ikiwa inawaka.

Alhamisi ya wiki ile, saa saba mchana, umeme ulikatika kama ulivyokuwa ukikatika kila Alhamisi. Feni ikasimama. Mashine ya Gladys ikazimika, na ya Urbanus ikazimika, na kutoka chini barabarani zikasikika kelele za kawaida za watu wa cherehani wakilaani mgao. Urbanus alinyoosha mkono achukue viatu vyake chini ya meza. Hapo akaona kwamba kioo kimezimika lakini nyekundu haijazimika, kwamba milima na mito na misitu yote imeingia gizani na ile rangi moja imebaki ikining'inia pale, nyevu, ikipanda na kushuka kidogo kama kifua cha mtu aliyelala, na harufu ya maua ya kahawa ikawa nzito mpaka ikamkaa kooni, na kelele za barabarani zikawa mbali, zikawa mbali zaidi, zikakatika, na katika ukimya ule akasikia mtu anatafuna, taratibu, bila haraka yoyote, kama mzee wa heshima aliyewekewa sahani yake pembeni, kisha kutafuna kukakoma na sauti ikasema, kwa Kichaga cha zamani ambacho alikuwa hajakisikia tangu utoto wake, sauti ya mtu ambaye bado ana chakula mdomoni:

"Mgawaji. Fungu langu halitoshi."

Gladys alikuwa amesimama tayari, mgongo ukutani. Hakujua Kichaga, lakini alisikia.

"Mzee Urbanus," akanong'ona, "hilo ni jini. Kwetu Tanga nimewahi kulisikia likiongea kwenye kifua cha mama mdogo. Wewe umelipatia nini?"

"Nimelipatia rangi."

"Umelipatia na jina." Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti. "Uliita mbele yangu, na mimi nikapiga makofi."

Akachukua mkoba wake, akashuka ngazi, na siku ile hakurudi.

Urbanus hakukimbia. Alivaa viatu, akafunga kamba, akateremka hadi kwenye magari ya Kilema akiwa na hatua za mtu anayekwenda kulipia maji. Hakuwa jasiri. Alikuwa hana nguvu za kukimbia, na alijua hakuna mahali pa kukimbilia ambapo hapamo ndani ya picha ile.

Shangazi Ndelilio alikuwa kwenye banda la ng'ombe akikatakata mgomba kwa panga. Alikuwa na miaka themanini na kitu, mfupi, na hakupenda kuongea mikono ikiwa na kazi. Urbanus akamwamkia, akapokea panga, akakata mgomba huku anasimulia. Alisimulia yote. Mama mzee hakumkatiza hata mara moja. Alikuwa anamtupia ng'ombe majani na kumsikiliza kwa nyuma.

"Nyie wa mjini mnaliita jini," akasema mwishowe. "Sisi hatukulipatia jina, na ndiyo maana halikukaa. Lilikuwa linapita, linaokota, linakwenda zake. Wewe umelikaribisha mezani, ukalitajia na watoto waliokaa pale."

"Nilikuwa nimechoka, shangazi. Ilikuwa mzaha."

"Baba yako alikuwa hachoki?"

Ng'ombe alitafuna, na kwa kutafuna kule Urbanus akasimamisha panga.

"Nikiivunja ile mashine?"

"Ukivunja sahani, mlaji anaondoka? Atakula mkononi."

"Nichukue jani la isale nikaombe msamaha?"

"Isale ni la mtu na mtu. Hili litalitia mdomoni pamoja na mtoto." Akaketi juu ya kigogo, akajifuta uso kwa kanga. Alionekana mzee ghafla, na hakuwa na hasira tena. "Sikiliza, mwanangu. Fungu ulilotoa hulirudishi. Kwenye mafungu yote mgawaji ana moja tu ambalo ni lake kulitoa. La kwake mwenyewe. Uliite lije likae mahali pako, wewe uondoke kwenye hesabu. Likishakaa kwenye kiti kamili hutulia. Halinyonyi watoto, kwa sababu litakuwa nao."

"Na mimi?"

"Utakuwa mtu asiye na fungu."

"Maana yake nini? Nitakufa?"

"Hapana." Alitazama mikono yake. "Baba yako aliniambia kulikuwa na mtu huko Kirua aliyefanya hivyo, wakati wa njaa. Watoto wake walipona wote. Nikamwuliza, huyo mtu alikuwa nani? Akasema hakuna anayelijua jina lake. Hata mkewe hakulijua."

Kisha shangazi akanyanyuka, akamshika Urbanus kichwa kwa mikono miwili yenye utomvu wa mgomba, akamtazama uso kwa muda mrefu, sehemu baada ya sehemu, kama anayesoma barua atakayonyang'anywa.

Alipofika Njoro aliwakuta Anyesi na jirani mmoja wamembeba Dominika kutoka chooni. Miguu yake ilikuwa inaburuzika. Walimlaza, naye akajivuta mwenyewe mpaka ukutani, akajibana ubavu, akageuza uso. Hapakuwa tena na nafasi ya kiganja kati yake na ukuta.

"Baba," akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "anasema nisogee. Nimemwambia hakuna pengine. Anasema papo, niingie tu ukutani."

Anyesi alitoka nje mbio akizuia kilio. Urbanus alipiga magoti. Alimpenda mtoto huyu kuliko alivyowahi kumwambia, na akamwambia sasa, vibaya, kwa maneno yaliyogongana, kama wanavyosema baba ambao hawajazoea. Dominika akatabasamu kidogo. "Mbona unaongea kama unasafiri?" akamuuliza.

Asubuhi ya Ijumaa alimwamkia mkewe, akanywa chai yake, akaosha kikombe mwenyewe. Anyesi alikitazama kile kikombe kwa mshangao lakini alikuwa na mengine ya kufikiri. Ofisini hakukuwa na mtu. Umeme ulikuwepo. Alipowasha mashine, vihamba vyote vya mlima vilikuwa vimeiva kwa wekundu, toka magharibi hadi mashariki, na kijani kibichi kilichobaki kilikuwa ukingo mwembamba kama uzi, umebanwa kwenye mpaka wa msitu. Akahesabu. Dominika alikuwa na nukta mia mbili na kidogo. Alipohesabu mara ya pili zilikuwa mia na themanini.

Alifungua jedwali. Mstari wa sita, kijivu, Urbanus. Aliutazama kwa muda. Miaka hamsini na minne, na hapo palipoandikwa jina lake hapaoti kitu. Kulikuwa na wazo jingine nyuma ya kichwa chake, la aibu, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumficha alilikubali. Wazo lenyewe lilikuwa kwamba mtu asiye na fungu labda hana na mzigo. Kisha akaukumbuka uso wa shangazi ukimsoma, na wazo lile likanywea, akabaki na hofu peke yake. Hofu ile ilikuwa kubwa. Alitamani kurudi nyumbani, alitamani sana, kwenye mafuta ya taa na miguu inayouma na kila kitu.

Akafuta jina lake. Mahali pake akaandika Mgeni. Akafuta mstari wa saba, na mashine, iliyokuwa ikikataa kwa wiki mbili, ikakubali mara moja kama mlango uliopakwa mafuta. Kisha akasimama, akanyoosha mikono mbele kama afanyavyo mgawaji, akaita. Aliita shangazi yake na theluji. Aliita marehemu na msitu wake. Aliita Anyesi na mito, na Basili na mahindi, na alipofika kwa Dominika sauti ilimkatika akalazimika kuanza upya. Mwisho akasema, "Na wewe uliyelalamika, toka kwenye kitanda cha mtoto, njoo ukae hapa. Fungu hili lilikuwa langu. Nimelitoa mbele ya wote, na sina jingine."

Kitu kilimpita. Hakukiona. Kilimpita kama mtu mnene anavyokupita kwenye korido nyembamba, kifua kwa kifua, na kwa muda huo mfupi harufu ya maua ya kahawa ilikuwa ndani ya mdomo wake mwenyewe. Alipofumbua macho, picha ilikuwa inageuka. Nyekundu ilikuwa inakauka kutoka Rombo kuja Kilema, na nyuma yake kijani kikifunguka, kihamba kimoja, kingine, kingine, kibichi hata kikaumiza macho. Urbanus alilia kwa sauti, peke yake, akipiga meza kwa kiganja.

Alitembea kwa miguu kurudi Njoro. Alitaka kukimbia na aliona anaweza. Mama muuza ndizi ambaye humsalimia kila siku hakumsalimia, lakini alikuwa na wateja. Fundi baiskeli alimtazama, akaangalia kazi yake. Urbanus hakujali. Alikuwa anamfikiria mtoto tu, na jua la saa kumi lilikuwa zuri barabarani.

Alimsikia kabla hajamwona. Dominika alikuwa anaimba uani, akisugua sufuria kwa mchanga. Mashavu yalikuwa yamejaa. Alimwona mtu amesimama getini, akaweka sufuria chini, akaja akijifuta mikono kwenye gauni. Viganja vyake vilikuwa vyekundu vya afya.

"Shikamoo, mzee. Karibu. Unamtafuta nani?"

Urbanus alishika nguzo ya geti.

"Baba yako," akasema.

"Baba amelala. Leo amewahi kutoka kazini, alikuwa amechoka sana."

Kutoka dirisha la chumbani kilisikika kikohozi, kile kikohozi kikavu cha mara mbili ambacho Anyesi alikuwa akimsema Urbanus kwacho kwa miaka ishirini na saba. Pazia lilicheza. Harufu tamu ikatoka hadi getini.

"Domi!" Anyesi aliita toka jikoni, sauti yake nyepesi, sauti ya mwanamke ambaye nyumba yake ni nzima. "Ni nani huyo?"

"Ni mzee mmoja, mama! Anamtaka baba."

"Mwambie arudi kesho, baba yako apumzike."

Msichana akatabasamu kwa kuomba radhi. Alikuwa na adabu, walimlea vizuri. Urbanus alimtazama kama shangazi alivyomtazama yeye.

"Wewe hujambo?" akamuuliza. "Mwili unaendeleaje?"

"Mimi? Mimi mzima, mzee. Sijawahi kuumwa."

"Vizuri. Basi msimwamshe."

"Haya. Akiamka nimwambie nani alikuja?"

Alifungua mdomo amjibu, akasubiri jina lije. Dominika naye akasubiri, kwa heshima, mkono ukiwa kwenye komeo la geti.